Kitabu Ambacho Mzazi Hawezi Kukisoma

Tangazo lilitoka Februari 2023, na haikupita siku likawa limezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Ruangwa, mkoani Lindi, kuanzia la walimu mpaka la wakulima wa ufuta. Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alikuwa amepiga marufuku vitabu 16 visitumike mashuleni kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume na mila, desturi na maadili ya Mtanzania na vinaharibu malezi ya watoto. Sehemu kubwa ya orodha ilikuwa ya mfululizo mmoja, Diary of a Wimpy Kid, wa Mmarekani Jeff Kinney. Mtaani kwetu sikumsikia mtu akilitaja jina hilo. Watu walisema "vile vitabu vya ushoga", na jina likaganda.

Nafundisha Kiswahili shule ya msingi. Siku hizo nikipita sokoni, mama mmoja anayeuza dagaa alinisimamisha. "Mwalimu, na kwenu vimo?" Nikamwambia kabati letu lina vitabu vya kiada na hadithi chache za Kiswahili ambazo mchwa wameshaanza kuzila. Hakutulia. Mwanawe anasoma kwetu, lakini binti wa dada yake yuko shule ya Kiingereza Dar es Salaam na likizo huja kukaa naye. "Huyo ndiye ananitia hofu," akasema. "Anasoma kitabu, anacheka peke yake. Nikimuuliza kinasemaje, ananijibu, mama mdogo, wewe hutaelewa."

Nimelifikiria sana jibu la yule binti. Mabishano yote niliyoyasikia tangu siku ile, redioni, msikitini, kanisani na kwenye ofisi ya walimu, yalihusu kilichomo ndani ya vitabu. Huyu mama alikuwa na shida nyingine. Alikuwa amechangia ada ya binti huyo, na kitabu anachokisoma yeye mwenyewe hawezi kukisoma.

Niliazima kitabu cha kwanza cha mfululizo huo kwa ndugu yangu wa Dar es Salaam, nikakisoma nyumbani, kamusi pembeni. Kilitoka mwaka 2007. Ni shajara ya mvulana aitwaye Greg Heffley, yenye maandishi ya mkono na vikatuni kila ukurasa. Greg ni mvivu, mwongo, anapenda sifa, na anamsaliti waziwazi rafiki yake Rowley. Kuna mchezo wa kuigiza shuleni kwao ambamo Greg anapewa nafasi ya mti. Na kuna habari ya kipande cha jibini kilichoozea kwenye uwanja wa mpira wa kikapu. Anayekigusa anakuwa na nuksi: hakuna anayekaa naye wala anayemgusa, mpaka yeye amguse mwingine amhamishie nuksi hiyo. Mtoto mmoja anahama mji akiwa nayo, na shule nzima inashusha pumzi.

Wapenzi wa jinsia moja sikuwakuta katika kitabu hicho. Nilikuta mtoto mwenye tabia mbaya ambaye mwandishi hamchapi fimbo mwishoni. Mzazi ana haki ya kukichukia kitabu cha namna hiyo, na tungeweza kukijadili kwa haki: je, mtoto akisoma habari za mwongo anafundishwa uongo? Sungura wetu amewaibia na kuwadanganya wanyama wote wa porini, na tumelea naye kizazi baada ya kizazi. Lakini mjadala huo haukufanyika. Neno moja lilishajaza nafasi yote, na kitabu kikahukumiwa kwa kosa ambalo mimi sikulikuta ndani yake.

Hata hivyo siwezi kusema hofu ya wazazi ni ya kubuni. Wahusika wapenzi wa jinsia moja wapo kwenye hadithi za watoto za siku hizi, hasa zile za ajabu, zenye uchawi, mazimwi na walimwengu wengine. Mwaka 2017 jirani zetu wa Kenya walikumbana na jambo hilo moja kwa moja. Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya huko, wakati huo chini ya Ezekiel Mutua, ilipiga marufuku katuni sita zilizokuwa zikirushwa na chaneli za kulipia za Nickelodeon na Cartoon Network, ikisema zinatukuza mapenzi ya jinsia moja. Miongoni mwake kulikuwa na The Legend of Korra, Steven Universe na Adventure Time. Hizi mtoto hutazama kwa ajili ya mapigano na maajabu. Korra ni msichana anayeamrisha maji, udongo, moto na upepo. Katuni yake iliisha Desemba 2014, na katika dakika za mwisho anashikana mkono na msichana mwenzake, wanatazamana, wanaingia pamoja kwenye mlango wa ulimwengu wa mizimu. Hakuna neno la mapenzi linalotamkwa. Watunzi wake ndio walioeleza baadaye kwamba wale wawili ni wapenzi.

Mtoto wa miaka tisa angeona nini hapo? Hapa kwetu wasichana hushikana mikono njia nzima ya kwenda kisimani, na wavulana vilevile wakitoka mpirani, na hakuna anayegeuza shingo. Naamini wengi wangeona marafiki wawili waliomaliza vita. Mkubwa ndiye angeona jingine, kwa kuwa ameshaambiwa.

Habari ya Dumbledore, mzee mwenye ndevu anayeongoza shule ya wachawi katika vitabu vya Harry Potter, inafanana na hiyo. J. K. Rowling alitoa kitabu cha saba Julai 2007. Oktoba mwaka huohuo, akiwa ukumbi wa Carnegie Hall jijini New York, msomaji mmoja alimuuliza kama Dumbledore aliwahi kumpenda mtu. Akajibu kwamba siku zote alimfikiria kuwa mwanamume anayependa wanaume. Ukumbi ulishangilia. Nje ya ukumbi, wengine walikasirika kwamba mwalimu mkuu wa watoto wao amegeuzwa, na wengine, waliotaka wahusika wa aina hiyo waonekane, nao walikasirika: kwa nini aliyasema baada ya vitabu kwisha, na ndani ya vitabu hakuyaandika? Watoto walikuwa wamesoma miaka 10 bila kuligundua jambo hilo. Maneno ya vitabu hayakubadilika hata moja, ila wasomaji wakubwa waligawanyika siku hiyohiyo.

Hapa Ruangwa mtoto hakutani na Dumbledore kitabuni. Anakutana naye, akikutana naye kabisa, kwenye simu ya mjomba au kwenye kibanda umiza. Msimu wa ufuta na korosho ukienda vizuri, pesa za mnada huingia, na watu hununua simu kubwa, sola, televisheni na king'amuzi. Vibanda vinavyoonyesha mechi za timu ya Namungo jioni huonyesha filamu zilizotafsiriwa mchana wakati wa likizo. Nimewahi kukaa kwenye benchi la nyuma la kimojawapo, nikifuatilia wanafunzi wangu. Mtafsiri, sauti tu iliyorekodiwa juu ya filamu, ana mamlaka kuliko mwandishi. Akichoka na mazungumzo anayaruka. Akiona mhusika amenuna, anamtungia deni la kikoba. Palikuwa na wapiganaji wawili wa kike, mmoja mwenye nywele fupi kama za askari, na namna walivyosogeleana mimi mtu mzima nilielewa. Mtafsiri akasema kwa utulivu kabisa, "Hapo anamwambia dada yake, tusiachane." Watoto wakaendelea kutafuna miwa yao.

Wamarekani nao walifanya hivyohivyo. Katuni ya Kijapani ya Sailor Moon ina mashujaa wawili wa kike ambao kwa Kijapani ni wapenzi. Ilipotafsiriwa kwa Kiingereza ili ionyeshwe Marekani, mwaka 2000, waligeuzwa kuwa binamu. Picha kwa sehemu kubwa hazikubadilika, maneno ndiyo yaliyobadilika, na watazamaji wakabaki wakishangaa mabinamu hawa wanaotazamana namna ile. Hapakuwa na serikali iliyopiga marufuku wala mzazi aliyeandamana. Kampuni ilikisia tu wazazi watasema nini, ikawahi.

Nimeyaweka pamoja mambo haya kwa sababu naona kuna njia tatu ambazo wakubwa wamezitumia duniani, na zote zina gharama. Kuficha, kama walivyofanya na Sailor Moon, hudumu mpaka mtoto apate intaneti. Kupiga marufuku hukipa kitabu matangazo. Hungaria mwaka 2020 kilitoka kitabu cha ngano za kale zilizosimuliwa upya, Meseország mindenkié, ambamo mashujaa ni watoto wa Kiroma, maskini, walemavu, na mwana wa mfalme anayeoa mwana wa mfalme. Mwanasiasa Dóra Dúró alikichanachana mbele ya waandishi wa habari na kupitisha kurasa zake kwenye mashine ya kusaga karatasi. Kitabu kilichochapishwa nakala chache kikaisha madukani, kikachapwa tena, kikatafsiriwa kwa lugha nyingine. Mwaka uliofuata bunge la huko likapitisha sheria ya kuzuia watoto wasioneshwe mambo hayo. Pande zote mbili ziliondoka zimekaza shingo kuliko mwanzo.

Njia ya tatu waliifikia Singapore mwaka 2014, baada ya kuanza vibaya. Maktaba ya taifa iliondoa vitabu vitatu vya watoto, kimojawapo And Tango Makes Three, hadithi ya pengwini wawili madume wa bustani ya wanyama ya New York walioangua yai na kumlea kifaranga. Vilikuwa viharibiwe kabisa. Wasomaji walilalamika, wazazi wakaenda maktaba kusoma kwa sauti na watoto wao, na kwa amri ya waziri viwili vikahamishiwa sehemu ya watu wazima, ambako mzazi akitaka anavichukua mwenyewe. Cha tatu kilikuwa kimeshasagwa. Sisemi Singapore ndio mfano wetu, nchi ile ina mambo yake. Nimeipenda hatua moja tu: kitabu kilirudi mkononi mwa mzazi.

Huku kusini tunalijua jambo hili kuliko tunavyokiri. Mwari wa unyago huambiwa mambo ya mwili na ya ndoa kwa nyimbo na vinyago ambavyo hakuna mwalimu angethubutu kuvitaja darasani. Jando nalo hivyohivyo. Tunalalamika, na kwa haki, kwamba siku hizi watoto wadogo mno huchezwa, na baada ya likizo wengine hawarudi shule vizuri. Lakini mtu asiniambie watoto wa Lindi hawajawahi kusikia habari za mwili. Wanasikia mapema. Ila msemaji anajulikana. Ni kungwi fulani, mke wa fulani, anaishi nyuma ya ghala la ushirika, na mama akiona binti amerudi na swali gumu anajua mlango wa kubisha. Kwetu Wamwera mjomba naye ana neno, anaweza kuitisha kikao. Aliyesema anawajibika kwa alichosema.

Kitabu cha Kiingereza kilichofungwa ndani ya begi hakina kungwi. Wala simu haina. Hapo ndipo mama wa dagaa alipopoteza usingizi, na mimi namwelewa kuliko ninavyowaelewa wanaomcheka kwamba ni mshamba. Ukimwondolea vitabu 16 na kumwachia cha kumi na saba ambacho bado hawezi kukisoma, umemsaidia nini?

Kuna upande mwingine wa habari hii ambao haukutangazwa popote, na ndio ulioniumiza. Tulikuwa na mvulana darasa la tano, mpole, sauti nyembamba, hodari wa kucheza rede. Rede kwetu huchezwa na wasichana, lakini yeye alikuwa anakwepa mpira kuliko wote, na mpaka mwezi ule hakuna aliyemsema. Baada ya tangazo wenzake waliokota neno kwa wakubwa wakamtwika. Wakaacha kukaa naye dawati moja. Ukimgusa, unatakiwa umguse mwingine upesi. Hawakuwahi kukisoma kile kitabu, na bado mchezo ulikuwa uleule wa jibini, kanuni kwa kanuni.

Mtoto akaanza kuondoka saa nne kwenda nyumbani na kutorudi. Mama yake alikuja shuleni na mjomba mtu. Mjomba alikuwa na hasira, na kwa dakika kadhaa sikujua hasira hiyo ni ya nani, ya wenzake au ya mtoto. Katika nchi yetu ushoga ni neno zito. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inatoa kwa tendo lenyewe kifungo kisichopungua miaka 30 na kinachofika maisha. Watoto hawaijui sheria, lakini wanajua uzito kwa namna wakubwa wanavyoshusha sauti. Nilimwambia mjomba kwamba mpwa wake hajafanya kosa lolote, anacheza rede, na kwamba anayestahili kuonywa ni anayemtukana. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Anaikwepa mipira yote?" Mama akasema, "Yote."

Darasani sikusimulia hadithi ya jibini. Kitabu kimekatazwa mashuleni na mimi ni mtumishi, ninafuata. Nilichofanya ni kuwaeleza watoto kwamba neno lile halitamkwi tena darasani kwangu dhidi ya mtu yeyote, na nikaipanga rede iwe timu za mchanganyiko kila Ijumaa. Wavulana walinung'unika, kisha wakagundua kwamba hawawezi kuwapiga wasichana mpira hata mmoja. Matusi hayakuisha, yalipungua. Yule mvulana alirudi kukaa mpaka kengele ya mwisho. Sijui atakuwa mtu wa namna gani, na si kazi yangu kujua. Kazi yangu ni asome.

Sasa vitabu. Tangu mwaka 1991 kuna Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, uliosaidia kuchapisha hadithi nyingi za Kiswahili za watoto, na sasa tuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023, miezi miwili tu baada ya ile marufuku. Hizi ni habari njema na ningependa zitangazwe kwa nguvu ileile. Mtoto anayetafuta mazimwi na walimwengu wengine hatakaa bila hadithi. Tusipompa za kwetu atazipata za Korra zilizopitia kwa mtafsiri asiyejulikana jina. Na hadithi ya Kiswahili ina faida moja ambayo hakuna orodha ya wizara inayoweza kuileta: bibi yake anaielewa akisomewa.

Kwenye kikao cha wazazi niliomba tujaribu hivyo. Kila mtoto wa darasa la sita achukue kitabu kimoja nyumbani, akisome kwa sauti mbele ya mkubwa yeyote, na mkubwa aje aseme anakionaje. Kati ya vitabu nilivyoleta kilikuwemo Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, cha mwaka 1952, hadithi yenye majini na ndugu wawili waliogeuzwa manyani. Nilidhani hakuna atakayepinga Shaaban Robert.

Mzee mmoja wa kanisa akasimama. Akasema majini ni majini, yawe ya Kiingereza au ya Kiswahili, na binti yake hatakileta nyumbani kwake. Mwalimu wa madrasa aliyekaa nyuma yake akasema majini yametajwa kwenye Kurani na mtoto anapaswa kuyajua. Wakaanza. Ningeweza kuwaambia kwamba Marekani kati ya mwaka 2000 na 2009 vitabu vya Harry Potter viliongoza kwa kulalamikiwa maktabani, na malalamiko makubwa yalikuwa uchawi, Dumbledore hakuwa hoja. Nilinyamaza, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa nasikia wazazi wa Ruangwa wakibishana juu ya kitabu kilichopo mezani, kila mmoja akikifungua kumwonesha mwenzake ukurasa.

Tulikubaliana binti wa mzee apewe hadithi za Sungura. Wakati watu wanatoka, mzee akarudi mezani akaomba Adili na Nduguze akisome yeye kwanza. Nimemwambia kila ukurasa unaomkera autie alama kwa penseli, tuujadili mbele ya wenzake. Kikao kijacho tumekipanga baada ya mnada wa ufuta, watu wakiwa na nafasi, na mama wa dagaa ameniomba kiwe Jumapili ili aje na binti wa dada yake.